Shokapu za nyuma kwa gari la zamani: KYB, Monroe, Sachs, Bilstein na Koni, na namna ya kuzifunga nyumbani

Kwa gari la miaka 15 au 20 linalobeba familia na mizigo ya kawaida, shokapu ya kununua kwa nyuma ni ya gesi yenye mirija miwili, ya ugumu uleule gari lilitoka nao kiwandani. KYB Excel-G naiweka ya kwanza, kisha Monroe OESpectrum na Sachs Super Touring, na Bilstein B4 pale inapotengenezwa kwa gari husika. Bilstein B6 na KYB Gas-a-Just ni bidhaa bora, lakini ugumu wake unahitaji gari lenye bushi nzima (raba za kwenye viungo) na springi nzima, na gari kuukuu mara nyingi halina hivyo vyote viwili. Halafu kuna raba. Anayenunua shokapu bila raba zake za juu, kava ya vumbi na stopa (raba inayozuia chuma kugonga chuma) amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo itakayompigia kelele.

Kwanza tuondoe dhana inayowapotezea watu pesa. Shokapu haibebi uzito wa gari. Uzito unabebwa na springi, iwe ya koili au ya mabapa. Shokapu inaituliza springi ili isiendelee kudunda baada ya tairi kupita kwenye shimo au tuta. Ndani yake kuna pistoni yenye vali, imezama kwenye oili. Kila fimbo inapopanda au kushuka, oili inalazimika kupenya kwenye vitundu vyembamba, na nguvu ya mdundo inageuka joto. Kwa hiyo gari lililolala nyuma halitainuka kwa kufungwa shokapu mpya. Ya gesi inaweza kuongeza milimita chache kwa sababu gesi inaisukuma fimbo nje, basi. Gari lililolala linadai springi, na ukilifunga shokapu mpya bila kushughulikia springi, shokapu hizo zitakuwa zinafanya kazi karibu na mwisho wa safari ya fimbo zake, zikigonga stopa kila mara, na zitakufa mapema.

Kujua kama kweli zimekwisha

Jaribio la kusukuma kona ya gari linajulikana na kila mtu: sukuma kwa nguvu, achia, gari lipande, lishuke kidogo, litulie. Likiendelea kudunda, shokapu haipo. Tatizo ni kwamba jaribio hili linakamata zile zilizokufa kabisa tu. Mkono unaisogeza pistoni polepole na kwa safari fupi, wakati barabara inaisogeza kwa kasi kubwa zaidi; shokapu iliyopoteza nusu ya nguvu yake inaweza kufaulu vizuri kabisa ukiisukuma kwa mkono.

Tairi linasema ukweli zaidi. Pitisha kiganja kwenye uso wa matairi ya nyuma, kuzunguka gurudumu. Ukihisi mabonde na vilima vinavyojirudia, tairi limekuwa likirukaruka badala ya kubingirika, na shokapu ni mshitakiwa wa kwanza. Njia nyingine ni joto: endesha dakika 15 kwenye barabara mbovu, simama, gusa miili ya shokapu zote mbili ukijihadhari na bomba la moshi. Zinazofanya kazi zina joto. Moja ikiwa baridi wakati mwenzake ina joto, hiyo baridi haizuii chochote.

Barabarani dalili ni hizi: nyuma ya gari inahama pembeni ukikata kona yenye mashimo, gari linaendelea kuyumba juu na chini baada ya tuta, na ukifunga breki kwa nguvu pua inainama huku nyuma ikiinuka kupita kiasi. Hapo matairi ya nyuma yanashika barabara kidogo, na kwenye gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge kwenye breki) mfumo huo unaanza kazi mapema kuliko inavyostahili. Watengenezaji wengi wanashauri shokapu zipimwe na kufikiriwa kubadilishwa karibu na kilomita 80,000. Kwenye barabara za vumbi zenye mikunjo usisubiri namba hiyo.

Kuhusu oili, wengi wanatupa shokapu nzima bila sababu. Ukungu mwembamba wa oili karibu na sili (raba inayozuia oili isitoke pale fimbo inapopita), uliokamata vumbi, ni wa kawaida: fimbo inapotoka hubeba utando wa oili unaolainisha sili. Oili iliyotiririka hadi nusu ya mwili wa shokapu au kuufikia mguu wake ndiyo uvujaji. Ukiwa na shaka, ifute ikauke, endesha siku chache, itazame tena.

Sauti ya ko-ko-ko kutoka nyuma kwenye vishimo vidogo mara nyingi inatoka kwenye bushi iliyoliwa au nati ya juu iliyolegea, huku shokapu yenyewe ikiwa bado ina uhai. Na gari linaloyumba nyuma kama linasukumwa na upepo ukibadilisha njia linaweza kuwa na bushi za mikono ya ekseli zilizochoka. Kagua hizo kabla ya kununua chochote, kwa sababu hakuna shokapu itakayoficha bushi ya ekseli iliyopasuka.

Mirija miwili au mmoja

Shokapu ya mirija miwili ina mrija wa ndani ambamo pistoni inacheza, na wa nje unaohifadhi oili ya akiba na, kwenye aina za gesi, nitrojeni ya shinikizo dogo. Gesi hiyo inabana oili ili isitoe povu ikichemka kwa kazi. Povu ndilo adui: vali ikipitisha mapovu badala ya oili, shokapu inalegea ghafla katikati ya barabara mbovu na kurudi kuwa ngumu ikipoa. Zile za oili tupu, kama KYB Premium, zinaumia zaidi hapo. Ni laini na bei yake ni ndogo, lakini kwa nyuma ya gari linalobeba abiria watatu na mizigo naziona za kuepuka kama kuna ya gesi ya gari lilelile.

Ya mrija mmoja ina gesi ya shinikizo kubwa, kati ya baa 20 na 30 hivi, iliyotengwa na oili kwa pistoni ya pili isiyo na fimbo. Inapoa haraka kwa kuwa oili inagusa ukuta wa nje moja kwa moja, haitoi povu, na inajibu papo hapo. Udhaifu wake ni huohuo ukuta wa nje: pistoni inateleza ndani yake, kwa hiyo jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama au sili yake inachanika. Kwenye ya mirija miwili mbonyeo mdogo wa mrija wa nje mara nyingi haugusi kazi ya ndani. Kwa gari la barabara za mawe, bila kinga mbele ya shokapu, jambo hili linanifanya niegemee mirija miwili.

Chapa kwa chapa

KYB ni kampuni ya Kijapani yenye mizizi ya mwaka 1919, na imekuwa ikiwauzia viwanda vya magari vya Kijapani shokapu za kufungwa kwenye magari mapya. Excel-G ni ya gesi, mirija miwili, na inalenga kurudisha tabia ya gari jipya. Ukitoka kwenye shokapu zilizokufa utaiona ngumu mwanzoni. Huo ugumu ndio gari lililokuwa nao zamani. Inavumilia, fimbo yake imepakwa kromu vizuri, na orodha ya magari ya zamani inayoyahudumia ni ndefu. Lawama yangu ni boksi: mara nyingi halina kava ya vumbi wala stopa, na wakati mwingine hata raba za juu zinauzwa kando. Namba za vipuri zinasaidia kutambua unachopewa. Excel-G kwa kawaida zinaanza na 33 au 34, Gas-a-Just zinaanza na 55, na Premium za oili nyingi zinaanza na 44. Ukiagiza Excel-G ukaletewa boksi la 44, umeletewa ya oili.

Gas-a-Just ni ya mrija mmoja. Kwenye pikapu nyepesi na mabehewa (steshenwagoni) yanayobeba mzigo kila siku ina nafasi yake, kwa sababu inadhibiti ekseli nzito vizuri. Kwenye saluni ndogo inayopita tupu inaifanya nyuma irukeruke juu ya vishimo vidogo.

Monroe, iliyoanzia Michigan mwaka 1916, ina ngazi kadhaa, na hapa ndipo wanunuzi wanachanganyikiwa. OESpectrum ndiyo ya gesi ninayoipendekeza: inapita juu ya mitetemo midogo kwa ulaini kuliko Excel-G, na kwa mwenye gari la starehe nitampa hiyo kwanza. Kwenye mzigo kamili Excel-G inashika zaidi. Ngazi iitwayo Original inatengenezwa kwa gesi na kwa oili, basi soma boksi. Monroe pia wana shokapu za hewa, Max-Air, zinazojazwa upepo kuinua nyuma ya gari lenye mzigo. Zinafanya kazi, ila zinahamishia sehemu ya uzito kwenye vishikio vya shokapu, ambavyo kwenye magari mengi havikuundwa kubeba. Kwenye chasisi yenye kutu ningekaa mbali nazo. Mwenye nazo asiache upepo uishe kabisa, kwa maana mfuko unajikunja na kuchanika.

Sachs, ya Schweinfurt nchini Ujerumani na sasa chini ya ZF, imekuwa ndani ya magari mengi ya Kizungu tangu kiwandani. Kwa Volkswagen, Opel, BMW na Mercedes-Benz za zamani, Super Touring ni chaguo tulivu lisilo na mshangao.

Bilstein ndio walioingiza shokapu ya gesi ya mrija mmoja kwenye magari ya kawaida, kupitia Mercedes-Benz, mwaka 1957. B4 inafuata ilivyokuwa ya kiwandani, kwa hiyo kwa gari moja itakuwa ya mirija miwili na kwa lingine ya mrija mmoja. B6 siku zote ni ya mrija mmoja na ni ngumu zaidi. Ni kazi safi sana ya uhandisi, na kwa mwenye gari lililokwisha kubadilishiwa bushi na springi inafurahisha kuendesha. Kwenye gari lenye bushi zilizolegea inapeleka kila kishindo moja kwa moja kwenye mwili wa gari, na mwenye gari anaishia kuilaumu shokapu kwa kosa la bushi.

Koni, ya Uholanzi, ina kitu ambacho kwa gari la zamani kina thamani ya pekee: nyingi zinarekebishwa. Kwenye zile nyekundu za jadi unaitoa shokapu kwenye gari, unaibana fimbo hadi mwisho mpaka ishike, unaizungusha taratibu, na nguvu ya kuzuia springi inaporudi inaongezeka. Miaka ikipita na vali zikalegea, unaongeza kidogo. Anza na mpangilio wa chini kabisa. Kosa la kawaida ni kukaza hadi mwisho siku ya kwanza. Nyuma inakosa muda wa kurudi kati ya shimo moja na linalofuata, inazidi kushuka, na gari linakuwa gumu kama mkokoteni.

Kununua bila kukosea

Namba ya chasisi na mwezi wa kutengenezwa ndivyo vya kwenda navyo dukani. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na shokapu tatu tofauti: ya saluni, ya behewa, na ya magurudumu manne yanayovuta. Kama hakuna orodha inayoaminika, pima ya zamani: kutoka kitovu cha jicho hadi kitovu cha jicho ikiwa imevutwa yote na ikiwa imebanwa yote, kipenyo cha tundu la bolti, upana wa bushi, na uzi wa juu. Urefu wa kubanwa ndio unaosahaulika. Shokapu ndefu mno itagonga mwisho wake wa ndani kabla stopa haijagusa, na vali ya chini itavunjika.

Nunua mbili, kamwe si moja. Kushoto na kulia zikitofautiana nguvu, gari linajipinda kwenye breki na kwenye tuta. Pamoja nazo nunua raba za juu, washa zake, kava, stopa, na bolti mpya za chini na nati zenye plastiki ya kuzuia kulegea, kwa sababu nati hizo zikishafunguliwa hazishiki tena kama mwanzo. KYB na Monroe wote wanauza kava na stopa kama seti. Stopa iliyogeuka unga inaruhusu chuma kugonga chuma, na kava iliyochanika inaachia mchanga ukakwangua fimbo. Sili ya shokapu bora kuliko zote haivumilii fimbo iliyokwanguliwa.

Ukifungua boksi, linganisha namba iliyopigwa kwenye mwili wa shokapu na ya kwenye karatasi. Tazama weldi ya jicho: iwe sawa kuzunguka, bila mashimo. Ya gesi ikikatwa mkanda unaoibana fimbo inatakiwa ipande yenyewe, polepole na kwa mwendo usiokatika. Zote mbili zipande kwa kasi inayokaribiana. Isiyopanda imepoteza gesi; irudishe kabla haijagusa gari.

Kazi yenyewe

Aina rahisi ni ile ambayo shokapu imekaa peke yake na springi iko kando, kama Volkswagen Golf ya kizazi cha nne, au yenye springi za mabapa kama Toyota Hilux. Pasipo kutu, pande zote mbili ni kazi ya saa mbili. Utahitaji jeki mbili, stendi mbili, soketi za 14, 17 na 19 na za kati yake, ringi spana ndefu, spana ya toki, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, na kifaa cha kushika ncha ya fimbo isizunguke.

Jioni ya siku iliyotangulia, piga brashi ya waya kwenye uzi wa bolti unaoonekana, nyunyiza mafuta ya kulegeza, acha usiku kucha, rudia asubuhi. Watu wanaruka hatua hii kisha wanatumia nusu siku kukata bolti.

Egesha kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, weka gia, zuia magurudumu ya mbele kwa mbele na kwa nyuma. Breki ya mkono haitakusaidia, kwani kwenye magari mengi inashika magurudumu hayohayo unayoyainua. Legeza nati za magurudumu gari likiwa chini, inua, weka stendi kwenye sehemu za chasisi zilizoimarishwa, toa magurudumu. Jeki peke yake haitoshi kamwe kwa mtu atakayeingiza kichwa chini ya gari.

Sasa weka jeki ya pili chini ya ekseli au mkono wake, upande unaofanyia kazi, na uinue mpaka iguse tu. Hatua hii ndiyo yenye hatari iliyofichika. Kwenye magari mengi shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiitoa bila jeki, ekseli inaanguka, springi ya koili inachomoka, na paipu ya breki pamoja na waya wa sensa ya ABS vinavutwa hadi kukatika. Kwa sababu hiyohiyo fanya upande mmoja umalize ndipo uhamie wa pili. Pikapu nyingi zina pia vali ya breki inayosoma mzigo, yenye fimbo nyembamba iliyofungwa kwenye ekseli. Ukiipinda, mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma unaharibika, na hakuna taa itakayokuambia.

Nati ya juu inaweza kuwa ndani ya buti, nyuma ya zulia, au chini ya kiti cha nyuma. Nyingine inafikiwa kutoka ndani ya madigadi. Piga picha mpangilio wa washa na raba kabla ya kugusa chochote. Fimbo itataka kuzunguka pamoja na nati, basi shika ncha yake bapa kwa spana ndogo. Usitumie bunduki ya upepo hapo, kwani inazungusha fimbo ndani ya sili kwa kasi. Na kwenye shokapu mpya usishike fimbo yenye kromu kwa plaizi hata kidogo; alama moja ya meno inatosha kuikata sili ndani ya wiki chache.

Kwa bolti ya chini, inua au shusha jeki milimita chache mpaka bolti isiwe na mzigo. Ikitoka kwa mkono baada ya nati kuondoka, umepata urefu sahihi.

Bolti iliyoganda

Kwenye gari kuukuu bolti ya chini inaota kutu ndani ya kibomba cha chuma cha bushi. Unaizungusha, inazunguka, lakini haitoki, na ukitazama vizuri unaona raba ndiyo inayojinyonga. Usiendelee kulazimisha upande mmoja. Rudisha robo, ongeza mafuta, sogeza mbele robo, rudisha tena. Ikigoma, ikate pande zote mbili za bushi kwa msumeno wa chuma; shokapu ni ya kutupwa na bolti mpya unayo. Moto uache mbali: kuna raba, oili, gesi iliyobanwa, na tangi la mafuta liko karibu.

Kigumu zaidi ni pale nati imechomelewa ndani ya chasisi au ya ekseli. Ikivunjika weldi yake, inazunguka ndani ya boksi la chuma usilolifikia, na inabidi kutoboa dirisha ili kuishika. Ukihisi bolti inazunguka kwa ulaini wa ajabu bila kutoka, simama hapohapo, kabla tundu halijaharibika.

Kufunga

Shokapu ya mirija miwili inatakiwa itolewe hewa kwanza, kwa sababu ililala kwenye boksi na gesi imeingia upande wa pistoni. Isimamishe wima kama itakavyokaa kwenye gari, ivute hadi mwisho. Igeuze kichwa chini, ibane hadi mwisho. Rudia mara nne au tano, mpaka ule ulegevu wa mwanzo wa safari uishe. Baada ya hapo isilazwe tena. Ukiruka hatua hii utasikia kugonga siku za kwanza na kudhani umeuziwa mbovu. Ya mrija mmoja haihitaji.

Panga washa, raba, stopa na kava kwenye fimbo, ibane fimbo, elekeza ncha kwenye tundu la juu, ndipo uiachie, gesi iisukume yenyewe. Anza nati ya juu kwa mkono, kisha ingiza bolti ya chini ukiwa umeipaka grisi kidogo sehemu inayopita ndani ya kibomba cha bushi, si kwenye uzi.

Bolti ya chini isikazwe gurudumu likining'inia. Raba ya bushi imegandamana na kibomba cha ndani na cha nje; ukiikaza hivyo, gari likishuka raba inabaki imejinyonga saa zote na itachanika mapema. Inua ekseli kwa jeki mpaka gari lianze kuachia stendi, huo ndio urefu wa kusimama, ndipo ukaze. Namba za kitabu cha gari lako ndizo za kufuata. Kwa kukadiria, bolti ya M12 ya daraja 8.8 inakazwa karibu Nm 80, ya M10 karibu Nm 45, na nati ya juu yenye raba kati ya Nm 20 na 30. Hiyo ya juu watu huikaza kupita kiasi. Raba ikishavimba hadi ukingo wa washa inatosha. Zaidi ya hapo inapasuka, na pungufu yake inagonga.

Aina yenye springi juu yake

Toyota Corolla za E100 na E110, na nyingi za kizazi hicho, zina springi iliyoizunguka shokapu ya nyuma. Hapa kazi inabadilika kabisa. Springi imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua, na nati ya kati ya juu haiguswi mpaka springi iwe imebanwa kwa vifaa viwili vinavyotazamana, ikicheza huru kwenye kiti chake. Tia alama mwelekeo wa mauntingi ya juu (kishikio cha juu cha shokapu) kabla ya kufungua, na ukirudisha hakikisha ncha ya springi imekaa kwenye ngazi ya kiti cha chini. Vifaa vya kubania vya bei ya chini vyenye kucha nyembamba vinateleza. Asiye na vizuri azitoe shokapu kwenye gari springi zikiwa bado juu yake, azipeleke kwa fundi mwenye mashine ya ukutani, ahamishiwe springi kwenye shokapu mpya hapo, kisha afunge mwenyewe. KYB wana Strut-Plus na Monroe wana Quick-Strut zinazokuja zimekamilika na springi na mauntingi. Usalama wake ni mkubwa, ila linganisha urefu wa gari pande zote baada ya kufunga, maana springi yake inaweza isilingane na iliyokuwepo. Kwenye muundo huu shokapu pia inashika kitovu cha gurudumu kwa bolti mbili, kwa hiyo alaimenti ya nyuma ni lazima. Kwenye ekseli ya boriti au ya mabapa haihitajiki.

Endesha polepole kwanza, pita kwenye vishimo vidogo madirisha yakiwa wazi, usikilize. Kugonga kwa juu ni nati ya raba. Kwa chini ni bolti. Baada ya kilomita 100 hivi rudia kukaza nati za magurudumu na kukagua nati za juu, kwani raba mpya hujilaza kidogo. Shokapu kuukuu za gesi zisikatwe kwa grainda wala kutupwa motoni. Zipeleke kwa wanaopokea vyuma chakavu na uwaambie wazi kwamba zina shinikizo ndani.